James Grant, mgonjwa wa Karagwe aliyeipeleka mimea yetu vitabuni

JAMES Augustus Grant ni mtu wa pili katika hadithi ambayo kila mtoto wa shule Afrika Mashariki ameisoma. Wa kwanza ni John Hanning Speke, yule aliyetangaza kwamba mto Nile unatoka katika ziwa aliloliita Victoria. Grant alikuwa naye tangu Unguja hadi Misri, lakini vitabu vya shule humtaja kwa mstari mmoja kisha vikaendelea na safari. Hata siku Speke alipoona maji ya ziwa yakimwagika kuingia mto Nile, Grant hakuwepo. Alikuwa ametumwa njia nyingine.

Hata hivyo, ukitoka katika habari za mito ukaingia katika habari za mimea, mambo hugeuka. Huko Grant ndiye wa kwanza na Speke ndiye wa pili. Mamia ya mimea ya nchi hizi yaliingia katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya kwa mkono wake, na zaidi ya 130 kati yake ilichorwa na kuchapishwa katika kurasa kubwa ambazo leo hutafutwa na wakusanyaji wa michoro ya kale.

Habari hizi zinawahusu wakazi wa Rubondo na Mbarara kuliko wanavyoweza kudhani. Rubondo tunayoizungumzia ni mojawapo ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro iliyomegwa kutoka Mbarara. Msomaji asiichanganye na kisiwa cha Rubondo kilichoko Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Ukielekea kusini kutoka Nakivale unafika mto Kagera, na ng'ambo yake ni Karagwe, ambako Grant alilala kitandani miezi mitano akiwa hawezi kutembea. Vilima vya huku na vya kule ni vya namna moja, ng'ombe wana pembe zile zile ndefu, na Mnyankore akisikia Mnyambo wa Karagwe akizungumza huelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Mimea nayo haikuwahi kuombwa kibali cha kuvuka Kagera.

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji mdogo wa Nairn, kaskazini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana alisoma Aberdeen, na miongoni mwa masomo aliyoyachukua katika Chuo cha Marischal lilikuwamo la elimu ya mimea. Siku hizo somo hilo halikuwa la kupamba akili tu. Lilikuwa tawi la uganga, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa za Ulaya ilitoka majanini na mizizini kama ilivyokuwa kwetu.

Wazungu walikuwa na mila ndefu ya vitabu vya mitishamba vyenye picha. Mwaka 1542 daktari Mjerumani aitwaye Leonhart Fuchs alitoa kitabu kikubwa mjini Basel chenye picha zaidi ya 500 za mimea, zilizochongwa kwenye mbao kisha zikapigwa chapa. Kati ya 1737 na 1739 mwanamke aitwaye Elizabeth Blackwell alichora mimea 500 ya dawa katika bustani ya wauza dawa ya Chelsea, London, akachonga mwenyewe vibao vya shaba na kupaka rangi kwa mkono, ili apate fedha za kumtoa mumewe gerezani alikofungwa kwa madeni. Alifanikiwa. Mwaka 1785 tabibu William Withering alichapisha kitabu kuhusu mmea wa digitalisi, unaotibu uvimbe unaotokana na moyo dhaifu, na mbele kabisa akaweka picha yake ya rangi.

Picha hizo hazikuwa mapambo ya ukutani, ingawa leo watu wa mjini huzitia fremu. Zilikuwa kinga. Jani changa la digitalisi hufanana na jani la mmea ambao wakulima wa Kenya huuita mabaki, na watu wamekwisha kufa Ulaya kwa kuchemsha la kwanza wakidhani ni la pili. Anayejua tofauti anaishi. Ndiyo maana mchoraji wa mimea halisi haridhiki na jani peke yake. Huchora ua, tunda, mbegu iliyopasuliwa katikati na hata mizizi. Inafaa pia kukumbuka kwamba Withering hakuivumbua dawa ile. Aliletewa fomula ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire aliyekuwa akitibu watu kijijini. Jina la tabibu liko kwenye jalada la kitabu, la bibi halimo. Tutarudi kwenye jambo hilo, maana Karagwe lilitokea vilevile.

Grant hakuwa tabibu. Mwaka 1846, akiwa na miaka 19, aliingia jeshi la Bengal nchini India. Alipigana huko Multan na Gujrat katika vita vya 1848 na 1849, na mwaka 1857, wakati wa maasi makubwa ya Wahindi, alijeruhiwa vibaya mkono wa kulia katika mapigano ya Lucknow. Msomaji aweke akilini kwamba mikono iliyochora picha tutakazozisimulia mmoja wake ulikuwa umeharibiwa na vita.

Huko India ndiko alikojuana na Speke. Walikuwa wa rika moja kabisa, wamezaliwa majuma machache tu mmoja baada ya mwenzake, na wote wawili walipenda kuwinda. Kwa hiyo Speke alipopata fedha za kurudi Afrika kuthibitisha madai yake juu ya Nile, Grant aliomba waende pamoja. Waliondoka Uingereza Aprili 1860, wakafika Unguja mwezi Agosti, na mwanzoni mwa Oktoba msafara ulianza kupanda kutoka Bagamoyo kuelekea bara.

Kazi ziligawanywa. Speke alipima njia, akachora ramani na kukusanya wanyama na ndege. Grant alipewa mimea, vipimo vya joto na mvua, na picha. Hapo mwanzo picha zilikuwa za kamera. Alikuwa amepiga kadhaa Unguja, lakini kuosha picha ndani ya hema lililofungwa, katika jua la pwani, kulimtesa hata Speke akaona kamera itamuua mwenzake. Ilirudishwa. Grant akatoa penseli na rangi za maji, na kuanzia hapo kila alichokiona alikichora. Sijui kama tulipoteza au tulipata kwa kamera ile kurudishwa. Picha za kamera za miaka hiyo hazikuwa na rangi, na ua lisilo na rangi ni nusu ya ua.

Kukusanya mimea safarini ni kazi ya uvumilivu. Tawi hukatwa likiwa na ua lake, hutandazwa kati ya karatasi, hubanwa kwa uzito, na karatasi hubadilishwa zikilowa ili tawi lisioze. Kando huandikwa tarehe, mahali, urefu wa mti, na wenyeji wanauitaje na wanautumiaje. Grant aliyafanya haya katika msafara uliokuwa ukitorokwa na wapagazi kila wiki na kudaiwa hongo na kila mtemi. Septemba 1861, kaskazini mwa Unyamwezi, watu wa mtemi Myonga waliuvamia msafara wake wakati Speke yuko mbele. Wapagazi walitawanyika porini na mizigo ikaporwa, ingawa sehemu kubwa ilirudishwa baadaye baada ya majadiliano na hongo. Mimea iliyosalimika ilisalimika kwa bahati, na kwa vichwa vya watu walioibeba hadi mwisho.

Hao watu ndio waliokuwa walimu wake wa kwanza. Mkuu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utumwani utotoni, akapelekwa India, kisha akarudi Unguja akiwa huru. Msafara ulizungumza Kiswahili. Grant alipoonyesha kidole kwenye mti, jibu lilipita kinywani mwa mpagazi Mngwana au Mnyamwezi kabla ya kufika kwenye daftari. Orodha ya majina ya kienyeji aliyoichapisha baadaye, kwa mpangilio wa alfabeti, ni kazi yao kama ilivyo yake.

Novemba 1861 walifika Karagwe, kwenye makao ya Omukama Rumanyika huko Bweranyange. Rumanyika alikuwa ameshika kiti baada ya baba yake Ndagara, na ndugu yake Rogero hakukubali kushindwa. Pamoja na matatizo hayo ya nyumbani, aliwapokea wageni kwa heshima ambayo wote wawili waliisifu maisha yao yote. Aliuliza maswali mengi juu ya nchi zao, akawapa chakula, na hakuwakamua mali kama watemi wa njiani.

Ni hapo mguu wa Grant ulipoharibika. Ulianza na maumivu makali sehemu ya juu ya mguu wa kulia, ukavimba kutoka paja hadi chini, ukakakamaa asiweze kuukunja. Alijichanja mwenyewe kutafuta nafuu, ikatoka damu tupu. Kisha vidonda vilifunguka na usaha ukatoka kwa wingi wa kutisha, siku baada ya siku. Mutesa, Kabaka wa Buganda, alikuwa amekwisha kutuma watu kumwita Speke, na ilijulikana kwamba Buganda haikumpokea mgonjwa kutoka nje. Tarehe 10 Januari 1862 Speke aliondoka. Grant alibaki nyumbani kwa Rumanyika, Mzungu peke yake, hana daktari, hana habari kama mwenzake yu hai.

Ipo methali ya wahenga isemayo kwamba mgeni akija mwenyeji hupona. Karagwe ilikuwa kinyume: mgeni ndiye aliyehitaji kuponywa na mwenyeji ndiye aliyepona naye shida. Rumanyika na wanawe walikuwa wakimtembelea. Wenyeji walimletea dawa za kubandika, ya samadi ya ng'ombe ikiwemo. Hakuna tiba iliyoukata ugonjwa kwa mara moja, na Grant mwenyewe aliona kwamba mwezi wa tano ugonjwa ulijimaliza wenyewe. Lakini kidonda cha aina ile kisipooshwa, kisipobandikwa na kufungwa, humaliza mtu kabla hakijajimaliza. Mikono iliyomhudumia haikuandikwa majina. Alipoweza kutoka nje ya kibanda na kuona ziwa na vilima vilivyo chini yake, aliandika kwa furaha ya mtu aliyetolewa kifungoni.

Mimea yenye alama ya Karagwe imo katika mkusanyiko wake, ya miezi ile ile ya 1862. Hilo pekee linatosha kuonyesha aina ya mtu aliyekuwa. Mwenye mguu unaotoa usaha angesamehewa kuziacha karatasi zake zikae.

Aprili 14 Waganda waliotumwa na Mutesa walimchukua. Hakuweza kutembea, wakambeba kwenye machela vichwani na mabegani, wakavuka Kagera, wakapita Buddu kando ya ziwa. Safari ile ilimwacha Nkore upande wake wa kushoto. Hakuikanyaga nchi ya Mbarara wala Isingiro, bali aliizunguka. Mei 27 alifika kwa Mutesa, akamkuta Speke mzima, na akaanza tena kuchora: baraza la Kabaka, watu, mavazi ya mbugu, nyumba. Picha nyingi zilizomo katika kitabu cha safari cha Speke, kilichotoka 1863, zilichongwa kutokana na michoro ya Grant. Mtu akiona picha ya Mutesa kijana katika kitabu cha historia ya Uganda, kuna uwezekano mkubwa anatazama kazi iliyoanzia kwenye penseli ya yule mgonjwa.

Julai waliondoka mjini kwa Kabaka, na njiani wakatengana tena. Speke alikwenda haraka kuelekea mahali Nile inapotoka ziwani, karibu na Jinja ya leo, akapaona Julai 28. Grant aliongozana na mizigo na ng'ombe kwenda kwa Omukama Kamurasi wa Bunyoro, kwa sababu mguu wake haukuweza mwendo mrefu wa kila siku uliotakiwa. Wanahistoria wamebishana kama Speke alitaka sifa peke yake. Grant hakuwahi kulalamika hadharani. Naona kimya hicho kilikuwa cha uaminifu kuliko cha unyonge, maana miaka iliyofuata, watu walipomshambulia Speke, Grant alimtetea kwa ukali ambao hakuutumia hata mara moja kujitetea mwenyewe.

Februari 1863 walifika Gondokoro, Sudan ya Kusini ya leo, na kati ya mwaka huo wakawa Uingereza. Waziri Mkuu Palmerston alipokutana na Grant alimwambia kwa utani kwamba ametembea mwendo mrefu, na Grant akaligeuza neno hilo kuwa jina la kitabu chake cha 1864 kinachosimulia matembezi ya kuvuka Afrika. Mwaka huo huo Septemba Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Shirika la Jiografia la Kifalme lilimpa Grant nishani ya dhahabu. Alioa mwaka 1865. Mwaka 1868 alikwenda na jeshi la Uingereza Uhabeshi, kitengo cha upelelezi, kisha akastaafu akiwa luteni kanali.

Ndipo ikaja kazi ambayo ningependa msomaji aikumbuke. Mimea iliyokaushwa ilikuwa imepelekwa katika bustani ya kifalme ya Kew, London. Profesa Daniel Oliver na wenzake waliipanga, wakaitambua, na ile isiyojulikana wakaipa majina ya Kilatini. Mchoraji wa Kew miaka hiyo alikuwa Walter Hood Fitch, mzaliwa wa Glasgow, aliyechora maelfu kwa maelfu ya mimea maishani mwake. Kazi yake ilihitaji ufundi wa ajabu: tawi lililobanwa likawa bapa kama karatasi hulowekwa maji ya moto, ua hufunguliwa kwa sindano, na mchoraji hulirudishia umbo alilopewa na Mungu kwa kulikisia. Kisha alichora moja kwa moja juu ya jiwe laini la kupigia chapa. Fitch hakuwahi kuuona mmea huo ukiwa hai kwenye vilima vya Karagwe. Grant ndiye aliyeuona, na maandishi yake yaliyofuatana na mmea ndiyo yaliyosema ua lilikuwa na rangi gani na watu walilifanyia nini.

Kazi hiyo ilitoka kati ya 1872 na 1875 katika juzuu ya 29 ya jarida la Shirika la Linnaeus la London. Jina la Speke, marehemu tayari, liliwekwa pamoja na la Grant. Ndani yake mmea una jina la Kilatini, mahali, mwezi, na mara nyingi jina la kienyeji na matumizi yake: chakula, kamba, mbugu, dawa. Mmoja wa mimea mipya uliitwa Barleria grantii kwa heshima yake. Swala granti anayejulikana na watalii wa Kenya na Tanzania naye alipata jina lake mwaka 1872 kutokana na mtu huyu.

Lakini kitabu hicho kina pengo, nalo ni lile la bibi wa Shropshire. Kinasema mmea gani hutumika, hakisemi nani alimwambia. Wala hakisemi kiasi cha kunywa, mtu wa kutopewa, au mwezi wa kuchuma, maana mambo hayo mganga hamwambii mpita njia.

Jambo jingine halikujulikana hadi karne iliyofuata. Ugonjwa wa mguu wa Grant, jinsi alivyoueleza hatua kwa hatua katika kitabu chake, wataalamu wanauona karibu bila shaka kuwa ni kidonda cha Buruli, nao huuhesabu kuwa maelezo ya kwanza yanayojulikana ya ugonjwa huo. Unasababishwa na kijidudu cha jamii moja na kile cha kifua kikuu, na hupatikana karibu na maji yaliyotuama na vinamasi. Albert Cook, daktari wa hospitali ya Mengo, aliona vidonda vya namna hiyo mwaka 1897. Kijidudu chenyewe kilitambuliwa Australia mwaka 1948. Jina la Buruli ni la eneo la Uganda karibu na Nile, ambako wagonjwa wengi walionekana miaka ya 1960. Na miongoni mwa waliochunguzwa miaka hiyo walikuwamo wakimbizi kutoka Rwanda waliopewa makazi Kinyara, upande wa Bunyoro. Walikuwa watu waliokimbia nyumbani, wakawekwa karibu na maji wasiyoyazoea, wakapata vidonda ambavyo hawakuwa na jina lake. Leo kidonda hicho hutibiwa kwa vidonge viwili vya antibiotiki, rifampisini na klarithromisini, kwa majuma manane. Mwenye uvimbe usiouma au kidonda kisichopona anapaswa kwenda kituo cha afya mapema, kwa kuwa kikichelewa hula nyama hadi kiungo kikalemaa.

Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda wa kizazi hicho hicho. Tangu hapo wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, na Kiswahili kimekuwa lugha ya sokoni kati yao. Kila watu walikuja na dawa zao kichwani, kwa kuwa kichwa hakipekuliwi mpakani. Majani machungu ambayo Mnyankore huyaita omubirizi, Mnyarwanda na Mrundi huyaita umubirizi, na Muganda huyaita mululuza. Hapo hapana tatizo, ni mmea mmoja na kila mtu anaujua. Shubiri nayo Mnyarwanda huiita igikakarubamba na Muganda kigagi. Tatizo huja pale mama aliyetoka misitu ya Kivu anapotafuta katika nyika za Isingiro jani alilolijua kwao, akapata linalofanana nalo. Au pale unga wa mizizi unapouzwa kwenye karatasi, hauna ua, hauna tunda, hauna jani la kulitambulia. Mila ya Fuchs na Blackwell ilizaliwa kwa ajili ya shida hiyo hiyo.

Mjini Mbarara, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989 kina kituo kinachochunguza dawa za asili, na watafiti wake hukusanya mimea, huikausha na kuipa namba kama alivyofanya Grant. Tofauti ni kwamba siku hizi taratibu za utafiti hudai mganga aulizwe ridhaa yake kwanza na mchango wake utambuliwe. Rumanyika na watu wake hawakuulizwa.

Ni haki pia kutaja kwamba maarifa ya watu kama Grant hayakubaki katika maua. Mwaka 1876 alikuwa miongoni mwa Waingereza walioalikwa Brussels na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwenye mkutano wa kuzungumzia Afrika ya kati. Mkutano ulijipamba kwa maneno ya sayansi na kukomesha utumwa. Kilichofuata Kongo kinajulikana, na wajukuu wa waliokitesekea wako wengi Nakivale. Hakuna ushahidi kwamba Grant alikusudia mabaya. Hata hivyo alikaa kwenye viti vile, na anayesimulia maisha yake hawezi kuliruka hilo akabakiza michoro tu.

Miaka yake ya mwisho aliishi kwa utulivu, akiwapa ushauri wasafiri vijana. Fitch, mchoraji, alikufa Januari 1892. Grant alimfuata tarehe 11 Februari mwaka huo huo, huko huko Nairn alikozaliwa, akiwa na miaka 64. Aliwekewa kibao cha kumbukumbu katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London.

Madaftari na michoro yake ya rangi za maji viko katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Matawi aliyoyabana yangali Kew, na karatasi nyingine zina neno Karagwe limeandikwa chini pamoja na mwezi wa mwaka 1862. Juzuu ya 29 yenyewe imekwisha kuwekwa kwenye intaneti na husomwa bila malipo. Mwenye simu Rubondo anaweza kuifungua, akaenda moja kwa moja kwenye orodha ya majina ya kienyeji, akaona ni mangapi bibi yake angeyatambua.